Tuwatazame kasa na ndege wa Mida bila kuwafukuza

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaeleze wasomaji, na hasa wenye mamlaka juu ya fuo na maji ya Kaunti ya Kilifi, jambo linaloendelea katika hori ya Mida, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu kusini mwa Watamu na kusambaa kati ya mikoko hadi karibu na ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Jambo lenyewe ni namna tunavyowatazama kasa na ndege wa pale. Wageni wanaokuja kutazama ni wengi, na hilo ni jema kwa vijiji vyetu. Lakini kutazama kwenyewe kumeanza kugeuka kufukuza, na anayeendesha boti kwa upole hana kinga yoyote dhidi ya mwenzake anayeendesha kwa fujo. Ninachoomba ni kanuni moja, iandikwe kwa Kiswahili chepesi, ibandikwe kwenye kila gati na isimamiwe kwa watu wote sawasawa.

Kwa msomaji ambaye hajafika Mida, nieleze kwanza mahali penyewe. Hakuna mto mkubwa unaoingia katika hori hii; maji matamu hupenya chini kwa chini kupitia mawe ya matumbawe, na maji ya chumvi huingia na kutoka mara mbili kwa siku kupitia mlango mmoja upande wa bahari. Maji yakipwa, sehemu kubwa ya hori hubaki tope tupu na mchanga, na mikondo michache tu ndiyo inayobaki na maji. Kwenye kingo kuna mlilana, mkoko, mkandaa na mchu, na nyuma ya mikoko hiyo, mahali ambapo bahari hufika siku za bamvua peke yake, kuna nyanda tupu ambazo jua huziachia ukoko mweupe wa chumvi, na ambako humei mimea mifupi yenye majani manene tu. Mtu apitaye haraka huona ardhi iliyokufa. Akisimama kidogo ataona tope linatembea: maelfu ya kaa wadogo, madume yakiwa na gando moja kubwa linalopungwa juu na chini kuwaita majike, na tondo wakubwa waliokusanyika juu ya jani moja la mkoko lililoanguka, wakilisaga hadi libaki mishipa. Kazi hiyo ya tondo na kaa ndiyo inayorudisha majani yaliyodondoka katika chakula cha hori nzima, kuanzia kamba na samaki wachanga wanaojificha kwenye mizizi hadi ndege wanaotoka mbali kuja kula.

Ndege hao nawataja makusudi, kwa sababu wengi wetu tumezoea kumfikiria kasa peke yake. Kati ya Agosti na Aprili hori ya Mida hupokea ndege wa pwani ambao baadhi yao wamezaliwa katika nyanda za barafu za kaskazini mwa Siberia. Wamo sululu wenye midomo mirefu iliyopinda, wamo ndege wadogo wanaokimbia ukingoni mwa maji kwa makundi, na miaka mingine heroe hutua kwa wingi. Anayenivutia kuliko wote ni yule ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya samawati iliyofifia, na mdomo mweusi mnene usiofanana na wa ndege mwingine yeyote wa jamii yake. Huyu hazaliani kwetu. Hutaga kwenye fuo za mchanga za Oman, Iran, Kuwait na nchi nyingine za pande hizo, pamoja na pwani ya Eritrea na Somalia, na hafanyi kiota cha majani bali huchimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja jeupe ndani yake, ambapo joto la mchanga wenyewe husaidia kulilea. Wasomaji wa Kiswahili walioko Muscat na Sur, huko Oman, huenda wanamwona miezi ambayo sisi tumemkosa.

Kinachostahili kutazamwa kwa utulivu ni jinsi anavyowinda. Maji yakipwa, husimama tuli juu ya tope, kichwa kimeinamishwa kidogo, kisha hukimbia hatua chache na kusimama tena. Kaa akichelewa kuingia shimoni, hupigwa mara moja kwa ule mdomo mnene, huinuliwa na kupigwapigwa chini mpaka miguu ikatike, kisha humezwa. Kando yake mara nyingi yupo kinda wa mwaka huo, mwenye rangi ya kijivu zaidi, aliyesafiri na wazazi wake kutoka huko kaskazini na ambaye miezi kadhaa baada ya kufika bado anawafuata akipiga mluzi wa kuomba chakula. Ndege wa pwani wengi hujitafutia mara tu wanapoanguliwa, lakini huyu hulishwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo ukimfukuza mzazi kutoka kwenye tope lake la malisho, umewanyima chakula wawili.

Sasa tuje kwa kasa. Kenya ina aina tano za kasa wa baharini: kasa wa kijani, ng'amba, kigome, duvi na noa. Watatu wa kwanza hutaga katika fuo zetu, na wanaoonekana zaidi katika maeneo ya Watamu ni kasa wa kijani. Ndani ya hori wengi ni wachanga, ambao bado wana miaka mingi ya kukua kabla ya kupevuka, kwani kasa wa kijani huweza kuchukua miaka 25 au zaidi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Hapa ndipo wanapolelewa. Maji yanapojaa, wao huja pamoja nayo, wakiacha mikondo na kupanda juu ya vitanda vya nyasi za bahari ambavyo saa chache zilizopita vilikuwa vimefunikwa na kina kidogo sana cha maji. Ukiwa ndani ya mtumbwi uliotulia, utatangulia kuona vipande vya nyasi vilivyokatwa vikielea, kisha kichwa kinachotokeza na pumzi inayotoka kwa sauti unayoweza kuisikia hata ukiwa mbali. Kabla hujamwonyesha mwenzako, amezama tena. Ukisubiri bila kusogea, atatokeza tena karibu na pale pale, kwa sababu bado anakula, na mara ya tatu au ya nne utaanza kuona magamba ya kichwa na rangi ya mgongo wake akiwa chini ya maji.

Hayo yote yanategemea kutulia, na ndiyo maana nimeandika barua hii. Siku moja ya bamvua mwezi wa Machi nilikuwa ukingoni na kundi la wanafunzi tukiwatazama ndege waliokusanyika kwenye kichanga kimoja kilichobaki juu ya maji. Wakati wa maji kujaa hawali; malisho yao yako chini ya maji, na wanachofanya ni kupumzika na kungoja. Boti ya mtambo ikatoka upande wa mlango wa hori kwa kasi, ikaelekea moja kwa moja kwenye kichanga kile, ndege wote wakaruka, na walioko botini wakapiga picha. Nahodha akazunguka. Ndege walipojaribu kutua tena akawarudia, kwa kuwa kuna mgeni ambaye hakupata picha nzuri mara ya kwanza. Haikupita muda kundi lote likaondoka kabisa, likaelekea kusini, na wanafunzi wangu hawakuwa na cha kutazama. Simtaji mtu wala kampuni, kwa sababu si mmoja anayefanya hivyo, na kumlaumu mmoja hakutaleta nafuu.

Madhara ya kitendo kile hayaonekani kwenye picha. Machi na mwanzo wa Aprili ni wakati ambao ndege hawa wanajinenepesha kwa ajili ya safari. Mafuta wanayoyakusanya kwenye tope la Mida ndiyo yatakayowapeleka maelfu ya kilomita, na kila wanaporushwa bila sababu wanatumia sehemu ya akiba hiyo na kupoteza muda wa kuirudisha. Kwa kasa ni vivyo hivyo kwa njia nyingine. Kasa hana budi kuja juu kupumua, na boti inayopita kwa kasi juu ya kitanda cha nyasi haimpi nafasi ya kuikwepa, kwa maana pale maji ni haba na hana kina cha kuzamia. Maji yanapotoka hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu kasa na boti wote hubanwa katika mikondo ile ile myembamba. Rafadha za mitambo nazo huchana nyasi na kuacha mistari ya mchanga mtupu, ambayo huonekana wazi maji yakipwa na huchukua muda mrefu kuota tena.

Wako watakaosema kwamba hofu hii imepitwa na wakati. Ni kweli kwamba mwezi wa Oktoba 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwondoa kasa wa kijani katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka na kumweka miongoni mwa wasio na hofu kubwa duniani, na ni habari ya kufurahisha sana. Lakini hesabu hiyo ni ya dunia nzima, na imepanda kwa sababu fuo zililindwa, mayai yakaachwa mchangani na nyavu zikaangaliwa kwa miongo kadhaa. Ng'amba bado yuko katika hatari kubwa kabisa; biashara ya magamba yake inajulikana katika pwani hii tangu karne ya kwanza, na mwili wake bado unalipa deni la pambo lililovaliwa na watu wa mbali. Isitoshe, kupona kwa kasa wa kijani katika visiwa na fuo za nchi nyingine hakumsaidii kasa mchanga aliyepasuliwa gamba ndani ya hori yetu.

Tena tunao mfano wa nyumbani unaoonyesha kwamba watu wa pwani wakishirikishwa wanaweza kubadili desturi. Tangu mwaka 1998 wavuvi wa Watamu na Mida wamekuwa wakishirikiana na shirika ambalo leo linaitwa Local Ocean Conservation, lililoanza mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch. Mvuvi akimnasa kasa bila kukusudia hupiga simu; kasa huchunguzwa, hupimwa, hutiwa alama na kurudishwa baharini, na akiwa mgonjwa au amejeruhiwa hupelekwa kutibiwa. Mvuvi hupewa kiasi kidogo cha kufidia muda wake na wavu wake. Maelfu ya kasa wamerudishwa majini kwa njia hiyo. Nawaomba wenye boti za utalii walifikirie jambo hili kwa makini: mvuvi, ambaye kipato chake ni kidogo kuliko chao na ambaye zamani nyama ya kasa ilikuwa kitoweo chake, alikubali kupoteza nusu siku ya kazi kwa ajili ya mnyama huyu. Mtu anayelipwa na mgeni ili amwonyeshe kasa huyo huyo anashindwaje kupunguza mwendo?

Najua jibu lake, kwa sababu nimezungumza na vijana wengi wanaotembeza wageni. Wao si wajinga wa mambo haya. Wengine wanawajua ndege kwa sauti kabla ya kuwaona, na wanajua ni saa ngapi za maji kasa atakuwa juu ya nyasi gani. Shida yao ni kwamba mgeni aliyelipia saa mbili anataka kuona leo, na nahodha akikataa kusogea karibu, kesho mgeni atakwenda kwa nahodha asiyekataa. Kijana mmoja peke yake hawezi kuibeba gharama ya adabu. Kanuni ikiwa ya wote, atakuwa na la kumwambia mgeni: si mimi, ni sheria ya hori hii. Kwa maoni yangu hakuna kitu kingine kitakachomsaidia zaidi, hata semina na vyeti ambavyo vimegawiwa kwa miaka mingi.

Nini basi kiwe ndani ya kanuni hiyo? Boti yoyote ikishaingia mlango wa hori isizidi mwendo wa mtu anayepiga kasia, na ibaki ndani ya mikondo mikuu. Anayetaka kwenda juu ya nyasi aende kwa mtumbwi au mtambo uzimwe. Anayewatazama ndege awatazame kwa darubini, asikaribie kichanga chao wakati wa maji kujaa, na umbali uwekwe kwa vigingi vyenye rangi ili pasiwe na ubishi wa macho. Ndege wakianza kuinua vichwa na kutembea kuelekea upande mmoja, tayari umefika karibu mno. Hilo kila mwongoza wageni anaweza kufundishwa kwa dakika chache. Droni zisirushwe juu ya hori bila kibali kuanzia Agosti hadi Aprili. Kasa asikamatwe, asiinuliwe wala asilishwe chochote kwa ajili ya picha. Na kwa kuwa kasa wa hori na kasa wa ufuo ni wale wale, wenye nyumba na hoteli zinazotazama bahari wazime au wafunike taa za upande wa ufuo wakati wa kutaga na kuanguliwa, kwa sababu makinda hufuata mwanga na kuelekea barabarani badala ya majini.

Wa kuisimamia kanuni hii wapo. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, zikiwa miongoni mwa za kwanza barani Afrika, na mwaka 1979 UNESCO ilizitambua kuwa hifadhi ya viumbe hai. Hori ya Mida imo ndani ya eneo hilo, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina askari wake pale pale Watamu. Kaunti ina idara za utalii na uvuvi. Vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU) vya vijiji vinavyozunguka hori vina viongozi waliochaguliwa, na wanakijiji wa Dabaso wana kikundi kilichojenga mkahawa wao juu ya mikoko. Upande wa msitu, daraja la mbao lililoning'inizwa kati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege limekuwa likiingiza fedha za karo za wanafunzi wa sekondari kupitia mpango wa ASSETS ulioanzishwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Mtoto wa mkulima wa kandokando ya Arabuko-Sokoke amekaa darasani kwa sababu kuna ndege wa kutazamwa, na ndege hao wakiacha kutua, daraja lile litabaki mbao tu.

Ningependa pia vikundi hivi vifungue daftari la pamoja, moja katika kila gati, ambamo mwongoza wageni ataandika tarehe, hali ya maji na alichokiona. Kwa sasa maarifa ya vijana hawa yamo vichwani mwao, na mmoja akihama kutafuta kazi Mombasa au ng'ambo huondoka nayo. Daftari kama hilo likitunzwa miaka michache litatuambia kama kichanga fulani kimehamwa, kama ndege mla kaa wanachelewa kufika, au kama kasa wanaoonekana karibu na kisiwa cha Kirepwe wamepungua, na tutakuwa na la kuwaonyesha watawala badala ya kubishana kwa kumbukumbu.

Kwa hayo, Mhariri, naomba kupitia gazeti lako KWS na serikali ya kaunti ziitishe kikao cha wenye boti, waongoza wageni, wavuvi na wenye hoteli kabla ya mwezi wa Agosti, ndege wa kwanza watakapoanza kuwasili, na rasimu ya kanuni isomwe hadharani hapo kikaoni. Kifanyike katika vijiji vya Dabaso au Uyombo, ambako waendesha mitumbwi wanaweza kufika kwa miguu, wala kisifanyike katika ukumbi wa hoteli. Walimu wa shule za karibu tuko tayari kuhudhuria, na tutakuja na wanafunzi waliokuwa ukingoni siku ile ya bamvua, ambao nao wana maswali ya kuuliza.

Wako,
Mwalimu mkazi wa Gede,
Kaunti ya Kilifi